Kikombe chenye Mstari wa Buluu

Kila alfajiri, kabla jua halijagusa chumvi,
napima maji ya baba.
Kikombe cha bati, ndani yake mstari wa buluu
niliouchora kwa rangi ya kucha ya dada yangu Nilda.
Vikombe vitatu kwa siku,
supu imo, chai imo,
hata maji ya kumezea vidonge yamo.
Anakipokea kwa mikono miwili
kama mtu anayepewa mtoto mchanga.

Huyu ni Fermín Choquevillca wa Colchani,
miaka thelathini na minne na sepetu,
akirundika chumvi vichuguu vichuguu
juu ya uwanda mweupe usio na ukingo.
Chumvi kwenye nyusi, chumvi kwenye mkate,
koti limekakamaa kwa jasho lake mwenyewe.
Siku zile akinywa hata ndoo,
kesho yake mwili umeshasawazisha hesabu.

Nani alijua?
Figo mbili, hazizidi ngumi,
zimejibanza mgongoni kama vibarua wasiodai ujira,
zikichuja damu ile ile, tena na tena,
lita mia na themanini usiku na mchana,
zikirudisha karibu yote
na kutoa nje kidogo tu, cha rangi ya majani makavu.
Damu ikikolea chumvi, ubongo ulimnong'oneza: kunywa,
ukaziambia figo: shikeni, msimwage.
Ikizimuliwa, ukasema: achieni.
Hakuna aliyeagiza. Hakuna aliyeshukuru.

Kisha zikanyamaza.

Daktari Iporre alitamka neno refu,
mama akasikia "maji" peke yake.
Haba na haba hujaza kibaba, watu husema kwa furaha.
Kwetu kibaba ni kifundo cha mguu:
nabonyeza kwa kidole gumba, shimo linabaki,
linachelewa kufumba kama unyayo topeni.
Siku ya tatu kibaba ni mapafu.
Analala ameketi, kifua kinachemka,
na mama, huku akisugua sufuria isiyo chafu,
anasema: maji yamezidi unga.

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa: hospitali ya Uyuni.
Kwanza mizani. Sitini na mbili na nusu.
Muuguzi anaandika, hapepesi.
Saa nne mashine inazunguka,
damu inatoka nyekundu, inarudi nyekundu,
huoni kilichoondolewa.
Mizani tena. Sitini.
Kilo mbili na nusu za maji!
Nimezibeba mara ngapi kutoka bombani
bila hata kubadilisha mkono.

Juni, baridi inapouma, tunatandaza viazi nje.
Usiku vinaganda, mchana vinalegea,
nasi tunavikanyaga pekupeku, maji yanachuruzika
hadi kiazi kinabaki chepesi kama gome,
kinakaa ghalani miaka na miaka.
Zamani baba ndiye aliyeanza kukanyaga.
Mwaka huu alikaa kitini, akatazama miguu yetu.
"Mimi nami," akasema,
"nakanyagwa mara tatu kwa wiki. Nitadumu."
Tulicheka. Nilda alicheka hadi machozi,
na machozi, nadhani, hayapimwi.

Kuna jambo moja sijamwambia daktari.
Jana, nikiinamisha kikombe kwenye mwanga wa dirisha,
niliona mstari umenenepa.
Mtu ameupaka tena, kwa juu,
upana wa punje ya mchele.
Chupa ya rangi ilikuwa kwenye kabati la mama.

Sikuuliza.
Nilimimina hadi ukingo wa chini, nikasimama.
Nyuma yangu alikuwa akilamba midomo,
taratibu, asinisumbue.
Birika bado lilikuwa mkononi.